Singo ya Mwanakombo

Mwamvita binti Shomari wa Kinondoni alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa mzima ulishalichoka: nyumba ya watu huijui mpaka uingie siku ambayo hawakutarajii. Mgeni anayengojewa hupikiwa pilau, hutandikiwa mkeka mpya, na watoto huogeshwa mpaka masikio. Ataondoka akisifu. Lakini ukitaka kumjua mwenye nyumba, mwendee siku chungu kimeungua.

Neno hilo hakuliokota njiani. Mdogo wake, Mwanakombo, aliolewa kule Temeke na watu waliokuja kuposa na sinia za halua, wanacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Haukupita muda mrefu, Mwanakombo akarudi Kinondoni kwa miguu, kanga moja mwilini, amekonda, na hasemi. Kumbe kule alikuwa anakula ukoko baada ya wote kushiba, na mama mkwe hakumwita jina, alimwita "we". We, maji. We, kuni. Mwamvita alimwogesha mdogo wake uani, akaona mbavu zake zote, akaapa palepale na kopo la maji mkononi: "Wallahi, huingii tena nyumba ya mtu mpaka mie niionje kwanza."

Basi miaka ikaenda. Mwanakombo akawa anakaanga vitumbua na dada yake, maana Mwamvita naye alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani katika vita vile, wala hakurudi. Ndoa yenyewe ilikuwa ya haraka haraka, mji umejaa askari, hakuna wa kumsinga kwa liwa na maua wala wa kumfukizia udi. Aliolewa kama mtu anayekimbia mvua. Baadaye, sijui kwa uchungu au kwa kujifariji, akageuka yeye ndiye somo wa Kinondoni, mfundaji wa mabibi harusi. Wari wa pale hadi Msasani walipita mikononi mwake. Aliwasugua, aliwafunda, akawaambia kila mmoja maneno yaleyale: bibi harusi hasemi. Akiulizwa ni wewe, aseme si mimi. Hiyo ndiyo haya, na haya ndiyo pambo la kwanza.

Sasa akatokea Mfaume. Mshona kofia wa Unguja, mgane, mtu mzima mwenye mvi za heshima, alikuja Kinondoni kwa maulidi ya jamaa zake. Akala kitumbua, akauliza nani kakikaanga. Kesho yake akaja kununua vingine, na nyumba aliyofikia ina chakula tele. Keshokutwa akaja tena. Watu wakaanza kukohoa kila akipita. Alipoleta posa, baba mdogo wao, Mzee Mwishehe, ambaye ndiye walii, alitema tambuu pembeni akasema, "Kuozesha nitaozesha mie. Lakini neno ni lako, Mwamvita. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema la, kofia zake akavae mwenyewe."

Mwanakombo alipoulizwa, alijibu, "Dada, ukisema niende nitaenda. Ukisema nikae, nitakaa." Akageukia kikaango chake. Ila Mwamvita alimsikia: mdogo mtu, baada ya miaka yote ile, alikuwa anaimba kwa sauti ya chini huku akigeuza vitumbua. Na hapo ndipo dada mtu alipoogopa hasa. Mtu asiyetarajia kitu huwezi kumvunja. Huyu sasa alikuwa anatarajia.

Mfaume aliondoka, akasema anapita kwao Unguja kumweleza mama yake, kisha aende Pemba kuuza kofia. Mwamvita alikuwa hajatoa neno bado, wala hakungoja siku iliyopangwa ya kumpeleka bibi harusi. Akafunga furushi lake la nguo, akatangaza mtaani kwamba anakwenda Unguja kutembea, kuyapumzisha magoti.

Loo! Kinondoni nzima ikaja kumuaga, kila mtu na agizo lake. Maana Unguja, ingawa ni kijinchi tu, kijinchi hicho kina sultani wake, bendera yake nyekundu na mambo yake. Mmoja akataka ahesabiwe misumari ya shaba ya milango mikubwa. Mwingine akataka habari za jumba la ajabu lenye saa. Wanawake wao walitaka jambo moja tu: hamamu. Walisikia kuna nyumba nzima iliyojengwa kwa ajili ya kuoga, maji ya moto yanapita chini ya sakafu, mtu anaingia mchafu anatoka mwezi. "Utuangalizie kila kitu, dada," wakamwambia. "Usituletee nusu nusu."

"Macho ninayo mawili," Mwamvita akawajibu, "na yote nayapeleka."

Stima ilimtapisha tangu bandari ya kwao mpaka bandari ya Unguja. Alipoinua kichwa, akaliona kwa mbali lile jumba refu jeupe lenye saa, akajisemea, wewe nitakutazama kesho kwa raha zangu. Kesho hiyo hakuiona. Alishuka, akavaa buibui lake, akauliza njia mpaka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya Mfaume mshona kofia. Hila yake ilikuwa fupi: atajifanya msafiri aliyekosa pa kufikia, aombe maji, akae kidogo, aone mgeni asiye na jina anapokewaje. Akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa bibi mfupi mnene, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Alikuwa Bi Mwanaidi, mama yake Mfaume.

"Salaam aleikum," akasema Mwamvita nyuma ya buibui. "Mie msafiri, natoka Kinondoni..."

Basi! Hakuimaliza. Bi Mwanaidi alipiga kigelegele kilichowaamsha paka barazani, akamkumbatia mgeni na unga wake wote, akamwita mwenzake aliyekuwa ndani: "Kidawa! Kidawa weye! Biharusi wa Mfaume kaja mwenyewe kabla ya siku yake!" Kabla Mwamvita hajameza mate, shuka ikamwangukia kichwani wanaume wa barazani wasije wakamwona, akavutwa ndani kama mzigo wa forodha, akakalishwa kitandani katika chumba cha uani.

"Mie si biharusi!" akalia ndani ya shuka.

Aliyemjibu alikuwa Bi Kidawa, somo wa nyumba ile, mwanamke mrefu mkavu mwenye sauti kavu vilevile. "Wote husema hivyo. Niliyemsinga juzi aliniambia yeye kaja kuuza samaki."

"Nina miaka arobaini na kitu, dada yangu!"

"Na Mfaume ana hamsini. Ulitaka akaoe kitoto?"

"Mie ni dada yake bibi harusi!"

"Haya, dada mtu," akasema Bi Kidawa, akifunua shuka kidogo na kumtazama usoni, "na dada mtu kaja peke yake, bila bibi harusi, kabla ya siku, kufanya nini?"

Mwamvita akashika pindo la shuka. Aseme nini? Kwamba kaja kuwachungulia? Kwamba kaja kuuonja ukoko wao? Aseme hivyo katika nyumba iliyomkumbatia na unga, na unga wenyewe bado uko mabegani mwake? Akainamisha kichwa. Bi Kidawa akatikisa chake kwa kuridhika. "Mnaona? Kimya. Kafundwa huyu. Somo wake wa huko kwao Mrima mtu wa maana."

Mwamvita, ambaye somo wa huko Mrima ndiye yeye mwenyewe, alitamani sakafu immeze. Maneno aliyowafundisha mabinti wa watu miaka yote yalikuwa yamemgeukia yeye. Akisema si yeye, ni haya. Akinyamaza, ni adabu. Sasa atokee wapi?

Akaamua, nitasema kesho. Na kesho ilipofika, yule Mwamvita mchunguzi akazinduka na kumnong'oneza: we mjinga, ulitaka nini? Ulitaka kuingia bila kutarajiwa. Umeingia mpaka uvunguni. Kaa uone.

Akakaa. Na kilichofuata, jamani, hata akisimulia leo mikono inamsisimka.

Kwanza alitolewa uani kuogeshwa, kwenye ua wa makuti uliofunikwa vizuri, akakalishwa juu ya kigoda. Bi Kidawa alikuwa amekwisha kuponda singo tangu alfajiri: mawaridi, asumini, mrehani, karafuu, liwa iliyosagwa, vyote vimelowekwa marashi. Alimpaka kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, akamwacha ikauke, kisha akaanza kusugua taratibu, mviringo mviringo, taka zikitoka kama unga wa rangi ya tumbaku. Visigino, ambavyo vilikuwa vimepasuka kwa kusimama mbele ya jiko, alivikwangua kwa jiwe, akavipaka tui la nazi. Halafu maji ya vuguvugu yenye majani ya mchaichai. Halafu kitanda cha kamba kilichowekwa juu ya chetezo, na moshi wa udi ukipanda ndani ya kanga mpaka kwenye nywele.

Mwanzoni Mwamvita alikuwa anamkagua mwenzake, fundi kwa fundi. Karafuu nyingi mno, akawaza. Mie ningeweka mrehani zaidi. Mkono wake unakwenda vizuri lakini mgongoni ana haraka. Ila alipofika kwenye mikono, Bi Kidawa alivichukua vile viganja vyenye alama za mafuta ya moto, akavishika, akavigeuza, kisha akavisugua kimoja kimoja kama anayesafisha pete za watu. Ukaguzi ukaisha. Mwamvita akakumbuka kwamba amewasugua wasichana wasiohesabika, na hakuna mtu aliyewahi kumshika yeye mikono namna ile.

"Na lile hamamu la sultani," akauliza, akijitahidi kuwa na sauti ya kawaida, "watu wanaoga bado?"

"Hamamu?" Bi Kidawa akacheka. "Lilishafungwa kitambo, mwanangu. Siku hizi wanaogea popo. Hamamu la Unguja ni uani kwa watu, na maji moto ni ya yule anayekupenda kiasi cha kukuchemshia."

Alasiri moja, akiwa amelala na singo mwilini inakauka, alisikia sauti za wanawake upande wa pili wa ukuta wa makuti. Jirani alikuja kuazima ungo, akaona kinu, akaona maganda ya maua.

"Bi Mwanaidi, ndiyo mnamsinga kweli? Nasikia kashaolewa akaachika huyo. Tena mtu mzima. Singo ni ya wari. Huyu ungemtia maji ya baridi, ukampa kanga mbili, akaingia jikoni."

Mwamvita akatega sikio. Hili hapa. Hiki ndicho chungu kilichoungua. Alimngoja Bi Mwanaidi acheke, au aseme "ndiyo hivyo, shoga, basi tu," kama wanavyosema watu wakitaka kupendeza kwa majirani. Mama mkwe wa Temeke angesema hivyo, na zaidi.

Kinu kikanyamaza. "Chukua ungo huo," ikaja sauti ya Bi Mwanaidi, "na unisikilize vizuri. Mwanangu kaniambia alikotoka. Kaniambia walimlisha ukoko na hawakumwita jina. Mwari mbichi hata akisingwa na maji ya mtungi atang'aa, ujana unamtosha. Huyu aliyeumizwa ndiye wa kusingwa. Na jina lake Mwanakombo. Ukija kesho, ukimkuta jikoni, utamwita hivyo."

Kinu kikaanza tena, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Mwamvita alilia. Alilia kwa ajili ya mdogo wake, na kwa ajili ya yule msichana aliyeolewa kati ya askari bila hata chembe ya liwa, na kwa ajili ya aibu pia, maana alikuwa anakula upendo wa mtu kwa jina lisilo lake. Bi Kidawa alipokuja kumsugua akayaona machozi, akasema tu, "Lia, lia, singo inashika vizuri ngozi ikiwa na chumvi," na hilo ni uongo mtupu, fundi yeyote anajua.

Akaapa moyoni kwamba jioni ile atasema. Lakini Mfaume akamwahi.

Stima ya Pemba iliingia mapema. Mfaume akaja na kikapu chake kitupu, kofia zote zimenunuliwa, akakuta mlango umezibwa na wanawake. "Usiingie! Usiingie! Biharusi wako yu ndani!"

"Biharusi gani?" Mfaume akauliza. "Mwanakombo yuko Kinondoni anasubiri neno la dada yake."

Wanawake wakatazamana. Na kutoka kwenye ule ua wa makuti, singo imemjaa mpaka nyusi, Mwamvita akapaza sauti: "Shemeji! Ni mie!"

"Shemeji Mwamvita?" Kikapu kikamwanguka Mfaume. "Shemeji, wanakufanya nini?"

"Wananisinga!"

Mfaume maskini alikimbilia barazani akaketi na kichwa chake mikononi, mabega yanatikisika, na wanaume wenzake hawakujua kama analia au anacheka. Ndani, Mwamvita alijifunga kanga, akatoka mbele ya Bi Mwanaidi na Bi Kidawa, rangi ya tumbaku mwili mzima, macho tu ndiyo meupe. Alijua kwamba neno moja baya sasa linaweza kuvunja kila kitu, na Mwanakombo kule ng'ambo ya maji angeacha tena kuimba, na safari hii mwenye kosa angekuwa yeye.

"Uliniuliza nimekuja kufanya nini," akamwambia Bi Kidawa. "Mie ni somo kama wewe, nilikuja kuwachunguza. Mdogo wangu aliteswa. Nikasema simtoi tena mpaka nione kwa macho yangu. Mlipodhani ni yeye nilikataa, mkacheka. Kisha nikanyamaza makusudi, nisikie mnavyomsema. Nimewalia maua yenu kwa hila. Mnisamehe, mama zangu. Kosa ni langu, si lake."

Bi Mwanaidi alimtazama toka nyusi mpaka visigino. Midomo ilimcheza. "Na umeona nini?"

"Nimeona kwamba mdogo wangu atanenepa."

Hapo Bi Mwanaidi akashindwa. Alicheka mpaka akaketi juu ya kinu, akacheka mpaka akashika mbavu, na jirani akaja tena na ungo mkononi kuuliza kulikoni. "Ungekuwa dada yangu weye," akasema akifuta macho, "nisingeolewa na yule baba yake Mfaume! Mtu wa kunichunguzia sikuwa naye."

Mwamvita akainama kwenda kuchota maji anawe, aondoe ile singo isiyo yake. Bi Kidawa akampiga kibao cha mkono. "Wapi?"

"Nanawa. Si bibi harusi, mmeshajua."

"Singo ikianza haikatizwi. Nuksi. Keti." Alipoona anasita, sauti yake kavu ikalegea kidogo. "Nilivishika viganja hivi tangu siku ya kwanza. Sikujua ni vya nani, lakini nilijua havijawahi kusingwa. Keti, somo mwenzangu. Na kama karafuu zangu ni nyingi, sema sasa."

"Ni nyingi," akasema Mwamvita, akaketi.

Wakamsinga mpaka mwisho, safari hii kila mtu akijua ni nani, na utani ndio ulizidi: huyu tumpe nani sasa, imamu kaoa, mwadhini kaoa, labda yule muuza kahawa asiye na meno. Alipoondoka hakuwa ameona mlango hata mmoja wa misumari, wala lile jumba la saa, kwa sababu Bi Kidawa alishika mila: aliyesingwa hatembezwi juani. Walimfunika shuka ileile mpaka bandarini, na Unguja yote aliyoiona ni visigino vya watu na vizingiti vya mawe.

Kinondoni walimngoja kwa hamu. Kabla hajatua furushi, wakamzunguka. Milango je? Hakuhesabu. Jumba la ajabu? Aliliona kwa mbali, akitapika. Hamamu? Popo. "Aa, Mwamvita!" wakalalama. "Tulikutuma na macho mawili!" Wakatawanyika wakinung'unika kwamba safari ya watu wengine ni hasara tupu.

Akabaki Mzee Mwishehe kwenye kiti chake, tambuu shavuni, na Mwanakombo karibu na jiko. Mdogo mtu alikuwa amekaa wima kabisa, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu, na vitumbua vilikuwa vinaungua nyuma yake bila yeye kusikia harufu.

"Haya," akasema Mzee Mwishehe. "Neno lako."

Mwamvita alifikiri maneno mengi njiani, ya unga, ya ungo, ya kinu kilichonyamaza. Yote yakampotea. Akamwendea mdogo wake, akakunja mkono wa buibui, akamnyooshea mkono mtupu. "Nusa."

Mwanakombo akanusa. Akaushika ule mkono, akaugeuza, akakipapasa kiganja kilichokuwa kigumu miaka yote na sasa kimelainika, kinang'aa, kinanukia waridi na karafuu nyingi mno. Akainua macho.

"Dada," akasema, "nani kakusinga wewe?"

"Wao," akajibu Mwamvita. "Wakidhani ni wewe."